Gihundwe: Siku ya mfanyabiashara huanza jana jioni

WAKAZI wa sekta ya Gihundwe, wilayani Rusizi, wanaishi kati ya miji miwili: Kamembe, ambao ni mji wao, na Bukavu, mji mkubwa ulio ng'ambo ya mto Rusizi. Kaya nyingi zinakula kwa sababu ya huo wa pili. Nyanya, maziwa, nyama na mboga huvuka asubuhi kwenda Kongo; fedha na vitenge hurudi mchana. Anayebeba mzigo huo mara nyingi ni mwanamke, na siku yake ina wenyewe wengi: daraja, mteja, shule, jiko, na mume anayeuliza chakula kiko wapi.

Tuanze na asubuhi, maana ndiko kwenye tatizo. Tangu Januari 1, 2023 Rwanda ilibadili saa za kazi na za shule. Kazi rasmi huanza saa 3:00 asubuhi na kumalizika saa 11:00 jioni. Masomo huanza saa 2:30 asubuhi. Serikali ilisema inataka kuongeza tija na kuwapa wazazi muda na watoto wao. Kwa mzazi wa ofisini hiyo ni nafuu kubwa. Kwa mama anayetaka nyanya zake zifike Bukavu kabla wapishi hawajamaliza kununua, mabadiliko hayo yameacha pengo. Yeye anatoka alfajiri, mtoto anaingia darasani saa 2:30. Katikati hapo mtoto ni wa nani?

Wengine humwachia kaka au dada yake, ambaye naye ni mwanafunzi na anaanza siku akiwa amechelewa. Wengine huteremka na mtoto mchanga hadi karibu na mpaka na kumwacha kwa mtu wa kumwangalia kwa malipo madogo, jambo ambalo vyombo vya habari vya Rwanda vimeliandika mara kwa mara. Mimi naona swali hili ndilo mstari wa kwanza wa ratiba, kabla ya mtaji na kabla ya bei ya nyanya. Ukiliacha hadi alfajiri utaamua kwa haraka, na uamuzi wa haraka juu ya mtoto una gharama ambayo haiandikwi kwenye daftari.

Ndiyo maana wenye uzoefu hupanga jioni. Mzigo hufungwa usiku, kitambulisho na karatasi za kuvukia huwekwa pamoja na nauli, sare ya mtoto hutundikwa, maji huchotwa. Hapa baba ana kazi pia. Mwanamume aliyefika nyumbani saa 12 jioni ana nafasi ya kuchota maji na kusimamia kazi za shule, na hakuna mila inayovunjika kwa kubeba dumu.

Kisha hesabu safari zenyewe. Tuseme foleni na ukaguzi vinakula saa moja kila unapovuka. Safari mbili kwa siku ni kuvuka mara nne, yaani saa nne zimekwisha kabla hujauza hata fungu moja. Majirani watatu wakikubaliana kupokezana, mmoja akavuka na bidhaa za wote kadiri mzigo unavyobebeka na kuruhusiwa, wawili wanabaki na saa zao: mmoja shambani, mwingine na watoto wa nyumba zote tatu. Lakini kila mzigo uwe na alama yake, idadi iandikwe wakati wa kwenda, na fedha zihesabiwe mbele ya wote siku hiyo hiyo. Zamu isiyo na daftari huishia baraza la wazee.

Saa nazo zichunguzwe. Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo wana saa moja. Tanzania, Kenya na Uganda wako mbele kwa saa moja nzima. Duka la Dar es Salaam likifunguliwa saa 2:00, Gihundwe ni saa 1:00. Mwenye kuagiza bidhaa huko anaweza kumaliza simu zake akiwa bado anasubiri uji uive.

Kalenda ya mwezi ina siku zisizosogezwa. Jumamosi ya mwisho ni umuganda, saa 2:00 hadi saa 5:00 asubuhi, kwa watu wa miaka 18 hadi 65, na maduka hufungwa. Kwa Muadventista kila Jumamosi imeshachukuliwa. Siku ya ikimina, kile kikundi cha kuweka na kukopa, nayo iandikwe mapema, kwa sababu fedha ya mchango haipatikani asubuhi ya mkutano.

Na daraja lenyewe si lako. Machi 2020 korona ilifunga njia ya wachuuzi. Februari 2025 Bukavu iliingia mikononi mwa M23, na waliokuwa wamepanga wiki nzima walipanga upya kwa siku. Hakuna ratiba inayozuia hayo, ila mwenye maziwa peke yake huumia kuliko mwenye maziwa na vitunguu. Kitunguu kinasubiri, maziwa hayasubiri hata kesho.

Limebaki jambo ambalo wengi hucheka ukilitaja: starehe. Mama wa kwaya huacha mazoezi kwanza biashara inapobana, kisha mwaka unapita hajaimba. Mazoezi ya kwaya yana siku yake na saa yake. Ukiyaandika, anayekuletea mzigo jioni hiyo atajua kwamba haupo. Wapenzi wa mpira wana bahati zaidi, kwani Espoir FC ikicheza nyumbani, uwanja wa Kamarampaka uko karibu, na mechi mara nyingi huanza mchana, mboga za asubuhi zikiwa zimekwisha kuuzwa. Iandike kwenye daftari lile lile, chini ya deni la nyanya.