Kaakaa Halina Kosa

Wiki hii tena: "Daktari, punda wangu wa miaka 3 hali. Ameota nyama nyuma ya meno ya mbele. Nimchome mwenyewe au utakuja na chuma chako?" Sina chuma. Na swali hili nimelijibu kwa upole hadi upole umeniishia.

Hiyo "nyama" ni kaakaa. Punda, kama farasi, hubadilisha meno ya mbele kati ya miaka miwili na nusu na minne na nusu, na jino linapochomoza damu hujaa kaakaani, pakavimba. Ni mtoto anayeota meno. Nani humchoma mtoto ufizi? Wahunzi wa Uingereza waliwachoma farasi hivyo zamani, tena wakalipwa. Ethiopia wapo wanaokata kwa kisu. Punda aliyekuwa anakula kwa kusitasita sasa hali kabisa, maana ana kidonda. Baada ya wiki kadhaa jino limetoka, uvimbe umeshuka wenyewe, na sifa anapewa mwenye chuma. Ndiyo maana imani hii haifi.

Tena kaakaa hulaumiwa kwa kuwa ndilo linaloonekana ukifunua mdomo. Chakula husagwa huko nyuma, kwenye magego 24 ambayo hakuna anayeyachungulia. Gego la punda kijana ni refu, sehemu kubwa imezama ndani ya taya. Haliendelei kukua maisha yote kama jino la sungura. Husukumwa nje milimita 2 au 3 kwa mwaka kadiri linavyolika, na akiba ikiisha imeisha. Taya la juu ni pana kuliko la chini, hivyo kingo za nje juu na za ndani chini hazisagiki, hubaki na ncha zinazochana mashavu na ulimi. Pumba huzidisha shida, kwani hazimlazimishi kuzungusha taya kama nyasi ndefu. Akidondosha vibonge vya nyasi iliyotafunwa nusu, au mdomo ukinuka, angalia huko.

Haya, upesi. Magego yakaguliwe kila mwaka. Mara mbili kwa walio chini ya miaka 5 na kwa wazee. Ncha zipigwe tupa na aliyefunzwa, mnyama akiwa ametulizwa kwa dawa, na si kwa tupa ya seremala. Mzee aliyeishiwa meno apewe pumba zilizolowekwa. Na huyo wako wa miaka 3? Nyasi laini wiki mbili. Asipobadilika niite, nitakuja na tochi.