Habari za George Mikan, Mchezaji wa Mpira wa Kikapu

Leo twataka kuwaeleza habari za mtu mmoja wa Marekani ambaye urefu wake ulisababisha sheria za mchezo kubadilishwa.

Kwanza yafaa tuueleze mchezo wenyewe. Mwaka 1891, katika mji wa Springfield, Massachusetts, mwalimu James Naismith alitundika vikapu viwili vya matunda, futi 10 juu ya sakafu, akawafundisha wanafunzi wake kutumbukiza mpira humo kwa mikono. Siku hizi kila upande una watu watano uwanjani, na kikapu ni pete ya chuma yenye wavu. Msomaji atadhani kuwa watu warefu walitafutwa tangu mwanzo. Sivyo, walimu wengi wa zamani zile waliona kuwa mtu mrefu kupita kiasi ni mzito na miguu yake haimtii.

George Mikan alizaliwa Joliet, Illinois, tarehe 18 Juni 1924. Utotoni aliumia goti vibaya hata akalala kitandani muda mrefu. Alikua akafika futi 6 na inchi 10, naye hakuona vema ila kwa miwani ya vioo vinene. Alifikiri kuwa padre, akasoma katika seminari ya Chicago. Baadaye chuo cha Notre Dame kilimjaribu katika mchezo, kikamrudisha.

Mwaka 1942 alikutana na Ray Meyer, mwalimu mpya wa mchezo katika chuo cha DePaul, Chicago. Huyu hakumcheka. Alimrusha kamba, akampiganisha ngumi na hewa, akampeleka hata kujifunza dansi, ili miguu ipate wepesi. Kisha akamsimamisha chini ya kikapu: tupa kwa mkono wa kulia, udake, tupa kwa wa kushoto, udake, mara nyingi sana bila kupumzika. Zoezi hilo lafundishwa mpaka leo, na jina lake ni zoezi la Mikan.

Basi yule aliyekataliwa akawa tisho. Alikuwa akisimama karibu na kikapu na kuupangua mpira wa wapinzani ulipokuwa ukishuka kuingia. Kwa sababu yake, na ya mwenzake mrefu Bob Kurland, jambo hilo lilikatazwa vyuoni mwaka 1944. Mwaka uliofuata Mikan alitia pointi 53 katika mchezo mmoja.

Mwaka 1947 alijiunga na Minneapolis Lakers, wachezaji wa kulipwa. Walitwaa ubingwa mwaka 1948, 1949, 1950, 1952, 1953 na 1954. Mwaka 1951 walishindwa, naye alicheza mguu ukiwa umevunjika. Mwaka huo huo mstatili uliochorwa mbele ya kikapu, ambamo mshambuliaji hawezi kukaa zaidi ya sekunde tatu, ulipanuliwa kutoka futi 6 hadi 12, ili asogezwe mbali.

Wapinzani nao walikuwa na hila zao. Tarehe 22 Novemba 1950 Fort Wayne Pistons waliushika mpira tu, wasiutupe, ili Mikan asiupate. Wakashinda 19 kwa 18, na katika zile 18, Mikan peke yake alitia 15! Watazamaji hawakupendezwa hata kidogo. Mwaka 1954 ikaamriwa kwamba mpira utupwe kikapuni kabla ya sekunde 24 kupita. Mikan alikuwa amekwisha kuacha mchezo. Aliporudi mwaka 1956, mwendo ulikuwa umekuwa wa kasi, haukumfaa tena.

Akawa wakili. Mwaka 1967 aliongoza shirikisho jipya la mchezo huo, lililotumia mpira wa rangi tatu na kutoa pointi tatu kwa mtupo wa mbali. Ajabu kidogo, mtu aliyeishi chini ya kikapu kuwapa thawabu walio mbali nacho!

Uzeeni alishikwa na kisukari, na mwaka 2000 alikatwa mguu. Wachezaji waliostaafu kabla ya 1965 walipata pensheni ndogo sana kuliko waliowafuata, na Mikan aliwatetea wenzake hao mpaka mwisho. Alifariki tarehe 1 Juni 2005. Gharama za mazishi zililipwa na Shaquille O'Neal, mchezaji mwingine mrefu, aliyekuwa amepata mamilioni kwa kazi ile ile chini ya kikapu.