Kibodi ya Mac Kwa Windows Inakuzingua? Cheki Hii Kabla Upeleke Doh Kwa Fundi

Hii ni yako wewe uliyeokota kibodi ya Apple ya mtumba, nyembamba, safi, bei ya kutupa, ukaichomeka kwa kompyuta ya Windows ukajua umeomoka. Herufi zinachapa fiti. Lakini batani ya sauti haipandishi sauti, Delete inafuta kwa kurudi nyuma tu, na hiyo Fn iko hapo kama urembo.

Tuipeleke Biashara Street, Mombasa, ndio ieleweke. Tuseme umepewa kazi ya kuandaa mchoro wa leso za harusi. Akina mama washachagua pindo na mji, imebaki jina, na mwenye duka anataka faili kabla hajafunga jioni. Wewe vidole vyako vimezoea Mac. Unabonyeza Command na D kwa Photoshop, uondoe ile sehemu uliyochagua. Pap! Madirisha yote yanalala, unabaki unatazama picha ya skrini. Sawa, unaingia brauza, unabonyeza Command na L uandike anwani. Kompyuta inajifunga, inakuomba paswadi. Mwenye duka ashaanza kukuangalia kama mtu aliyeiba hiyo mashine.

Si virusi, na kibodi si mbovu. Ni hivi: maandishi yaliyochapwa juu ya batani hayaendi kokote. Ukibonyeza, kibodi inatuma namba tu, na Windows, Mac ama Linux ndio inaamua hiyo namba ni nini. Namba ya Command ndio ile ile ya batani ya Windows. Namba ya Option ndio ya Alt. Sasa Windows ikiona batani yake pamoja na D, inaonyesha desktopu. Ikiona na L, inafunga skrini. Imefanya ulichoiambia, noma ni kwamba hukujua umeiambia nini.

Halafu kuna mambo ya mpangilio. Kibodi ya kawaida ya kompyuta ina Alt jirani na batani ndefu ya nafasi. Ya Apple ina Command hapo, Option iko nje yake. Ndio maana hata msee wa Windows kabisa akiishika anapotea, anatafuta Alt na Tab anaangukia kitu kingine.

Dawa ni bure. Microsoft wenyewe wanatoa programu inaitwa PowerToys, ndani yake kuna Keyboard Manager. Hapo unaiambia Windows: nikibonyeza hii, wewe chukulia ni ile. Kama vidole vyako ni vya Mac, fanya Win ya kushoto iwe Ctrl, na Ctrl ya kushoto iwe Win. Basi. Command na C itanakili, Command na D itafanya ile kazi ya Photoshop. Kitu kimoja tu: kuruka kutoka programu moja hadi nyingine utatumia Option na Tab. Kama wewe ni wa Windows damu, badilishana Alt na Win badala yake, mkono utajisikia nyumbani.

Sauti nayo? Kwa Windows isiyo na draiva ya Apple, zile batani tatu za sauti zinafika kama F10, F11 na F12. Ndio maana ukitaka kupunguza ngoma, brauza inajaza skrini nzima. Humo humo kwa Keyboard Manager zigeuze: F10 inyamazishe, F11 ipunguze, F12 ipandishe. Utapoteza kazi za F12, lakini kusema ukweli, ni nani anazitumia? Kibodi yako ikiwa ile ndefu yenye namba pembeni, F13 inafaa sana kuwa Print Screen. Ukiwa na ile fupi, usihangaike: batani ya Windows, Shift na S zinakata picha ya skrini bila kupakua chochote.

Fn ndio mkaidi. Yenyewe inatuma ishara ya Apple ambayo Windows haiisomi, kwa hivyo hata Keyboard Manager haiioni. Boot Camp ya Apple ina draiva za kuiamsha, lakini zilitengenezewa Mac za Intel zinazoendesha Windows. Kama mashine yako si hiyo, achana na Fn, geuza Option ya kulia iwe Delete ya kufuta mbele, maisha yaendelee.

Sasa sikiza hii, ndio huwa inachoma wengi. PowerToys inafanya kazi ikiwa imewaka nyuma ya pazia. Kwa skrini ya kuweka paswadi bado haijaamka, kwa hivyo batani hapo ni za asili. Kuna SharpKeys, hiyo inaandika mabadiliko kwa rejista ya Windows yenyewe, unazima na kuwasha, na yanashika hata hapo kwa paswadi. Lakini zote mbili zinabadilisha kila kibodi. Ukiwa na laptopu, ile kibodi yake ya ndani nayo itageuka. Usimwazime mtu bila kumwambia.

Wasee wa Linux nyinyi mna raha, Fn inaeleweka kutoka mwanzo. Kama F1 hadi F12 zimegoma, andika kwa teminali: echo 2 | sudo tee /sys/module/hid_apple/parameters/fnmode. Na anayeenda upande wa pili, kibodi ya kawaida kwa Mac, haitaji programu yoyote. Mipangilio ya kibodi ya Mac ina sehemu ya Modifier Keys, na uzuri wake ni kwamba inabadilisha kibodi moja unayoichagua, nyingine haiguswi.

Turudi kwa jina la leso, kwa sababu hapa kosa linachapwa kwa kitambaa. Ukiandika ng'ombe ikatoka ngómbe, Windows yako iko kwa mpangilio wa United States-International. Hapo alama ya ' inangoja herufi inayofuata iipande kichwani. Bonyeza ' kisha nafasi, ama rudi kwa US ya kawaida. Laptopu ya ex-UK nayo ikikupa @ pale palipochorwa alama ya kunukuu, ongeza kibodi ya United Kingdom kwa mipangilio ya lugha. Na ile ya kutoka Dubai ikianza kuandika Kiarabu ghafla, umegusa Alt na Shift pamoja. Zirudie.

Kabla hujalipia kibodi ya mtumba, ichomeke hapo hapo kwa duka, fungua Keyboard Manager uiambie isome batani unayobonyeza. Ukitoa Fn, batani ikitoa jina lolote, hata lisilo lake, hiyo inageuzika. Ikinyamaza kimya, huenda imekufa, na Keyboard Manager haitaifufua. Omba bei ishuke ama irudishe kwa rafu.