Kuunga Amplifaya Nyumbani, na Kuipima Kabla ya Kuiwasha

Katika mto Tana, mitambo ya umeme ya Kindaruma ilianza kazi mwaka 1968, kisha ya Kamburu mwaka 1974, na ya Masinga mwaka 1981. Hata hivyo, katika Mbeere na Igembe ziko nyumba zilizo mbali na nguzo, na hizo hupata mwanga wake katika betri ya volti 12 inayojazwa na jua. Betri hiyo hiyo yatosha kuendesha amplifaya, yaani mashine ya kukuza sauti, ambayo mtu aweza kuiunga mwenyewe mezani pake.

Vifaa vyake huuzwa pamoja katika mfuko mmoja, hasa huko Luthuli Avenue, Nairobi. Mfuko ulio mwepesi kwa mwanafunzi ni ule wa aisii iitwayo TDA2003, iliyobuniwa kwa redio za motokaa, nayo hutumia volti 8 mpaka 18. Ikipata volti 14.4 na spika ya omu 4 hutoa wati 6 hivi: si nguvu za kutikisa soko la Gakoromone, lakini kwaya yaweza kufanyia mazoezi.

Katika kulehemu, tazama rangi kwa mwanga wa mchana. Resista ya omu 220 ina mistari ya nyekundu, nyekundu, kahawia. Ile ya omu 2.2 ina nyekundu, nyekundu, dhahabu. Usiku, kwa taa hafifu, kahawia na dhahabu hufanana. Ukizibadilishana, ukuzaji wa mara 100 hupotea, nawe utailaumu aisii bure. Kapasita kubwa nazo zina upande wa hasi ulioandikwa mstari. Ikigeuzwa huweza kuvimba na kupasuka. Wako wanaoacha ile resista ya omu 1 na kapasita yake ndogo kwenye njia ya spika, kwa kuwa hawaoni kazi yake. Hao hujitafutia taabu, maana ndizo zinazoizuia mashine isitetemeke kwa mawimbi yasiyosikika huku ikizidi kupata moto.

Sasa, tafadhali, usikimbilie kuiwasha. Betri ya jua huweza kutoa ampea nyingi kwa ghafula, na waya mwembamba ulioguswa vibaya huwa mwekundu kama kaa la moto na kuwasha pazia. Vua pete na saa ya chuma. Funga fyuzi ya ampea 1 au 2 karibu kabisa na ncha ya chanya ya betri, si mwisho wa waya. Kisha utafute taa ndogo ya motokaa, ya volti 12 na wati 5, uiunge katika njia ya chanya, umeme upite ndani yake kabla ya kuifikia amplifaya. Spika usiiunge bado.

Washa. Taa ikimulika kidogo mara moja na kuzimika, ni vyema: kapasita zimejaa. Ikiendelea kuwaka kwa nguvu, zima, utafute tone la lehemu lililounganisha miguu miwili ya aisii, kwa kuwa miguu hiyo imekaribiana sana. Taa imekuokolea aisii, na pengine nyumba.

Taa ikitulia, weka ncha nyeusi ya mita kwenye hasi. Mguu wa 5 uonyeshe karibu volti zote za betri. Mguu wa 4, unaopeleka sauti, uonyeshe nusu yake, yaani 6 hivi. Ukiona sifuri, au 12 kamili, iko kasoro. Lililo kubwa zaidi ni waya wa spika baada ya kapasita: hapo volti zishuke mpaka sifuri, la sivyo koili ya spika itaungua.

Ndipo uondoe taa, uache fyuzi, uunge spika na simu au redio. Waya wa kuingiza sauti uwe wa kufunikwa kwa wavu, upite mbali na waya za spika. Vikikaribiana, mashine hupiga filimbi. Gusa bati la kupozea baada ya nusu saa. Joto la kikombe cha chai si kitu, lakini likichoma kidole, ongeza bati. Bati hilo huungana na hasi, basi lisigusane na waya wa chanya.

Wenye umeme wa nguzo, wa volti 240, wasifuate maneno haya kwa upande wa transfoma. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye leseni.

Sanduku la mbao litobolewe matundu chini na juu ili hewa ipite, na matundu yafunikwe kwa wavu wa mbu, kwa maana mende hupenda sana mahali penye joto.