Programu ya Mazoezi Inapoikataa Kompyuta

Mtihani wa GRE wa shirika la ETS la Marekani ulipobadilishwa mwaka 2011, watahiniwa walipewa bure programu ya mazoezi iitwayo POWERPREP II. Mwanzoni ilikuwa ya Windows tu. Aliyekuwa na Mac au Linux angeweza kupata maswali vitabuni, lakini kitabu hakina saa inayohesabu kurudi nyuma kwenye skrini, wala sehemu ya pili inayokuwa ngumu au nyepesi kufuatana na majibu ya sehemu ya kwanza. Thamani ya programu ya mazoezi imo humo.

Programu haigusi vifaa vya kompyuta yenyewe. Ikitaka kufungua dirisha, kusoma faili au kujua saa, huuomba mfumo endeshi uifanyie kazi hiyo. Maombi yaliyoandikwa kwa taratibu za Windows hayaeleweki kwa macOS wala Linux, na hata muundo wa faili la programu ni tofauti. Kwa wenye Mac mambo yamezidi kuwa magumu: mwaka 2019 toleo la macOS liitwalo Catalina liliacha kabisa programu za biti 32, na Novemba 2020 zikaja Mac za chipu ya M1, ambayo maagizo yake si yale ya chipu za Intel.

Njia nyepesi kuliko zote ya kuendesha programu ya Windows kwenye mfumo mwingine ni Wine, mradi ulioanza mwaka 1993. Hupokea maombi ya Windows na kuyafasiri papo hapo, kama mkalimani aketiye kati ya wawili wasioelewana. Haidai leseni ya Windows, na kompyuta dhaifu huimudu. Hata hivyo, haijui kila ombi. Dirisha huweza kufunguka vizuri, kisha grafu zikakosekana au alama za hesabu zikageuka visanduku vitupu. POWERPREP II ilikuwa na mitihani miwili tu kamili, na ingekuwa hasara kubwa kuharibu mmoja kwa kukagua kama picha zinaonekana. Ukaguzi ulifaa kufanywa kwenye kurasa za maelekezo.

Mashine pepe, kwa mfano ile ya VirtualBox, ni ya kuaminika zaidi, kwa kuwa Windows kamili husakinishwa ndani ya mfumo uliopo. Bei yake ni uzito. Windows 11 peke yake hutaka angalau GB 4 za kumbukumbu na GB 64 za diski. Laptopu yenye GB 4 kwa jumla haina cha kugawa. Mashine ikigoma kila swali jipya linapofunguliwa huku saa ikikimbia, mtahiniwa hujipima kasi isiyo yake, na mazoezi ya namna hiyo ni afadhali yaachwe. Mac za Intel zina Boot Camp, inayoipa Windows nguvu zote za kompyuta, lakini Mac za chipu mpya hazina.

Siku hizi mazoezi ya POWERPREP hufanyika ndani ya kivinjari, hivyo mfumo endeshi si kikwazo tena. Mtihani wenyewe ukifanyiwa nyumbani ni jambo jingine: hutaka Windows au macOS halisi, na Chromebook haikubaliwi. Mwenye Linux pekee huazima kompyuta mapema au hujiandikisha kwenye kituo cha mtihani.