Waya ghali wa umeme hauongezi utamu wa muziki

ANAYENUNUA mtambo wa muziki wa nyumbani hukabiliwa na ushawishi wa kuuondoa waya wa umeme uliokuja nao na kununua mwingine mnene, wa bei ghali, ili sauti iwe safi zaidi. Kabla ya mkazi wa Bumula, Kaunti ya Bungoma, kutoa fedha zake, yafaa aielewe kazi ya waya huo.

Waya huo haubebi muziki. Hubeba umeme wa volti 240, ambao mtambo wenyewe huupunguza na kuugeuza kuwa wa mkondo mmoja, kama ule wa betri, kabla ya kuutumia kukuza sauti.

Mtambo unaotumia wati 1,000 huvuta takribani ampea 4. Waya wa shaba wa milimita mraba 1.5, wenye urefu wa mita mbili, hupoteza njiani takribani volti 0.2 tu. Hakuna sikio linaloweza kuitambua tofauti hiyo.

Katika vijiji vilivyo mbali na transfoma, nguvu za umeme hupungua hasa jioni, watu wengi wanapoutumia kwa pamoja. Upungufu huo hutokea katika mamia ya mita za nyaya zilizo juu ya milingoti. Kubadilisha mita mbili za mwisho ni kama kufagia kizingiti ilhali njia nzima imejaa matope. Kinachofaa ni stabilaiza, na kuiarifu kampuni ya Kenya Power.

Hata hivyo, kuna waya usiopaswa kuachwa: uliopasuka, unaolegea kwenye soketi au unaopata joto. Waya bandia wa alumini iliyopakwa shaba hupitisha umeme kwa shida na huweza kuwasha moto. Mnunuzi atafute alama ya ubora ya KEBS. Fyuzi ya plagi nayo iwe ya kukatika kabla waya haujaungua. Kuiziba kwa karatasi ya pakiti ya sigara ni kualika moto chumbani.

Plagi ya pini tatu pia haina kinga kamili iwapo nyumba haikuunganishwa na ardhi. Fedha za waya wa kifahari zingemlipa fundi aliyesajiliwa kuirekebisha kasoro hiyo. Na radi inapokaribia, jambo la kawaida Magharibi mwa Kenya, kinga bora haina gharama: kuichomoa plagi mapema.