Usafi wa Miji (4): Kanali Waring na Magari Yasiyohama

Wanasiasa wa Tammany Hall, kundi la chama cha Democratic lililolishika jiji la New York kwa muda mrefu, waliigeuza idara ya usafi ya jiji hilo kuwa ghala la ajira za wapambe wao. Lakini suala la usafi wa mitaa ya jiji hilo halikuishia enzi zao. Kuanzia Julai 5, 2022, Meya wa wakati huo, Eric Adams, alirudisha ratiba kamili ya kufagia barabara. Mitaa iliyopangiwa siku mbili kwa wiki ikaanza tena kufagiwa siku mbili, na wenye magari wakatakiwa kuyahamisha siku zote mbili. Tangu korona ya 2020, mtangulizi wake, Bill de Blasio, aliwaruhusu kuyahamisha siku moja tu, na wakazi walikuwa wamechoka kutazama makopo na majani yaliyooza kando ya magari yaliyoota mizizi.

Kila nikisikia malalamiko kama hayo humkumbuka Kanali George Waring, mhandisi wa mifereji aliyekabidhiwa idara hiyo na Meya William Strong mwaka 1895. Sifa yake kubwa ni sare nyeupe alizowavalisha wafagiaji, na gwaride aliloliongoza mwaka 1896. Waliocheka walikuwa wengi: nguo nyeupe kwa mzoa samadi ya farasi? Mzee alijua alitendalo. Mfagiaji aliyevaa nyeupe hawezi kujificha kilabuni saa za kazi, na wapita njia wakaanza kumtazama kama mtu wa hospitali. Sisi tunaomdharau mwenye ufagio, kisha tukalalamika mtaa mchafu, tungefaa kulitafakari hilo.

Kinachosahauliwa ni vita vyake na magari. Enzi hizo wenye magari ya mizigo, jioni wakishawafungua farasi na kuwapeleka zizini, waliyaacha magari matupu mtaani usiku kucha, tena bure, hasa mbele ya nyumba za maskini. Ufagio haukufika chini yake. Taka zilirundikana, wezi walijibanza, na wengine wakapafanya choo. Waring hakubembeleza mtu: magari yakokotwe hadi yadi, na mwenye kulitaka lake alipe kwanza. Wenye mali walipinga vikali, wala hakurudi nyuma. Zipo picha mbili za Mtaa wa Morton ambazo sichoki kuzitazama. Ya 1893 imejaa tope na uchafu uliorundikwa; ya 1895 inaonyesha mtaa uleule, barabara inaonekana hadi ukingoni. Tammany waliporudi madarakani mwanzoni mwa 1898 wakamwondoa. Mwaka huohuo alitumwa Havana kuchunguza usafi wa mji, akarudi na homa ya manjano, ikamuua Oktoba.

Farasi walikwisha, yakaja magari ya injini. Mwaka 1950, kuanzia eneo la Lower East Side, jiji likaweka zamu: leo upande huu wa mtaa uwe mtupu, kesho ule. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ikaongezwa stika ya manjano, iliyobandikwa dirishani mwa gari la mkaidi, ikiwatangazia majirani kwamba kwa sababu yake mtaa haukufagiwa sawasawa. Kuibandua kulihitaji wembe, maji na subira. Madiwani waliipiga marufuku mwaka 2012, wakiipindua kura ya turufu ya Meya Michael Bloomberg, kwa hoja kwamba inawaonea madereva. Kwangu mimi walikosea. Faini humfika mtu mmoja kwenye bahasha, ilhali stika husomwa na mtaa mzima.

Madhara ya gari lisilohama yanaonekana vizuri ukilitazama gari la kufagia likiwa kazini. Gari la kufagia hunyunyiza maji kidogo, kisha brashi ya pembeni huburuta taka kutoka ukingoni kuelekea katikati, ambako brashi kubwa huzizoa. Likikuta gari limeegeshwa, dereva hana budi kukata kona kulikwepa, na kabla hajaurudia ukingo ameshaacha taka za mbele na nyuma ya gari hilo pia. Magari matatu ya wakaidi yanaweza kuharibu kazi ya mtaa mzima. Katika sehemu kubwa ya Manhattan faini mwaka 2022 ilikuwa dola 65, na kwa mwenye gari aliyepiga hesabu za maegesho ya kulipia ya mwezi mzima, hiyo ilikuwa nafuu. Adams aliporudisha siku ya pili, wakaidi wakawa wa kulipa mara mbili. Hilo lilikuwa jema, lakini halikutosha. Jiji lirudishe stika, na kwa wasiosikia, litume magari ya kuvuta.